Usukani Ukilegea Njiani: Kikundi Kijiandae Vipi?



Kikundi kikishapata gari la pamoja, iwe ni Land Rover kuukuu au pikapu ya Toyota Land Cruiser, gari hilo huwa ni mali ya kila mtu. Asubuhi linaleta nazi na maembe Marikiti, jioni linarudi na unga, mabati na watu. Usiku linaitwa kumpeleka mama mjamzito hospitalini. Kwa hiyo katika somo hili tutajifunza namna ya kujitayarisha kutengeneza stelingi njiani, mahali ambapo hakuna fundi wala duka la spea.

Tumechagua stelingi kwa sababu ubovu wake una hatari ya peke yake. Injini ikizima, gari husimama tu. Stelingi ikikatika, gari linaendelea kwenda, lakini haliendi tena anakotaka dereva.

Sisi watu wa pwani neno usukani tulilijua kwenye vyombo vya baharini kabla ya magari kuja. Nahodha aliyeng'oa nanga Bandari ya Kale pale Mji wa Kale alikagua usukani wake chombo kikiwa bado kimetulia. Na sisi tufanye hivyo hivyo. Matengenezo ya njiani huanzia hapa kisiwani, kabla hujavuka Makupa, Nyali au feri ya Likoni.

STELINGI INAFANYAJE KAZI?

Ukizungusha usukani, mhimili wake huzungusha meno yaliyomo ndani ya boksi la stelingi. Boksi husukuma mkono wa chuma, mkono husukuma fimbo, na fimbo hugeuza gurudumu moja. Fimbo nyingine ndefu, ambayo mafundi huiita tairodi, huunganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja.

Kila fimbo inapoungana na mkono pana boljointi, yaani kichwa cha chuma cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chenye grisi. Juu yake hufunikwa na raba. Raba ikipasuka, mchanga na maji huingia, grisi hutoka, na chuma huanza kulana na chuma.

Hapa Mombasa kuna mambo mawili yanayoharakisha ubovu huo. Kwanza ni hewa ya chumvi, ambayo huotesha kutu kwenye nati. Pili ni vichochoro vya Mji wa Kale. Dereva anayejipenyeza kona za karibu na Ndia Kuu mara nyingi hukata usukani mpaka mwisho huku gari limesimama na lina mzigo. Hapo boljointi huumia sana. Afadhali gari lisogee kidogo ndipo usukani uzungushwe, ama mzigo ushushwe barabara kubwa na umaliziwe kwa mkokoteni.

KAGUENI KABLA YA SAFARI

Kazi hii inataka watu wawili na nusu saa tu. Simamisheni gari mahali tambarare, mzime injini, mvute breki ya mkono na kuweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu.

1. Mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, tena na tena. Mwingine aweke mkono juu ya kila boljointi, moja baada ya nyingine. Ile iliyokwisha utaisikia inagonga au inacheza chini ya kiganja.

2. Tazameni bolti zinazoshika boksi la stelingi kwenye chesisi. Boksi likisogea usukani unapozungushwa, bolti zimelegea au chesisi imepasuka.

3. Tazameni raba zote, na ile pini ndogo ya kukunjwa inayopita kwenye nati. Pini isipokuwepo, nati inaweza kujifungua yenyewe kwa mtikisiko wa barabara.

4. Tazameni tairi za mbele. Zikilika upande mmoja tu, huenda tairodi imepinda au magurudumu hayaendi sambamba.

5. Kama gari lina stelingi ya mafuta, pimeni mafuta yake na mtazame mipira kama inavuja.

Mkikuta boljointi inacheza, msiseme "itafika tu". Ibadilisheni hapa kisiwani, palipo na maduka na mafundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SANDUKU LA NJIANI

Vitu vifuatavyo vikae ndani ya gari siku zote. Katibu awe na orodha, na dereva akirudi vihesabiwe.

- Boljointi mbili za tairodi. Mara nyingi upande mmoja una nyuzi za kawaida na wa pili una nyuzi za kinyume, kwa hiyo bebeni moja ya kila upande. Mkinunua, nendeni na ile kuukuu mkononi, mlinganishe.
- Nati zake na pini za kukunjwa zisizopungua sita. Pini iliyokwisha kukunjwa haitumiwi tena.
- Spana zinazofaa gari lenu. Land Rover nyingi za zamani hutumia vipimo vya inchi, magari ya Kijapani hutumia milimita. Zijaribuni nyumbani, msingoje kujua porini.
- Nyundo mbili, koleo, brashi ya waya, mafuta ya kulainisha kutu, na grisi.
- Jeki, kipande cha ubao mnene cha kuwekwa chini yake ili isizame mchangani, na gogo imara la kuegemeza gari.
- Mnyororo mfupi, waya mgumu, chaki, utepe wa kupimia, tochi, na pembetatu mbili za onyo.

KUBADILISHA BOLJOINTI NJIANI

Toeni gari barabarani kadiri iwezekanavyo. Watu wote washuke. Wekeni pembetatu mbele na nyuma, na mawe kwenye magurudumu. Mkishainua gari, liegemezeni juu ya gogo. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Safisheni nyuzi kwa brashi, mtie mafuta, mngoje kidogo. Pimeni urefu wa tairodi kutoka boljointi hii mpaka ya pili, mwandike. Chomoeni pini. Fungueni nati, lakini iacheni imeshika kwa nyuzi chache ili fimbo isianguke ghafla.

Sasa msigonge ncha ya boljointi, maana nyuzi zitaharibika. Shikeni nyundo moja upande wa nyuma wa jicho la mkono wa chuma, na kwa nyundo ya pili pigeni jicho hilo ubavuni kwa nguvu. Kwa mapigo machache boljointi hujiachia.

Legezeni kibano kwenye fimbo, mzungushe boljointi kuukuu huku mkihesabu mizunguko. Kama imetoka kwa mizunguko 15, mpya iingie kwa 15. Halafu pimeni tena urefu ule mlioandika. Hivyo magurudumu yatabaki karibu na mwelekeo wake wa mwanzo.

Kazeni nati, tieni pini mpya. Tundu lisipolingana, kazeni mbele kidogo, msirudishe nyuma. Kazeni kibano. Zungusheni usukani mpaka mwisho pande zote mbili, mhakikishe hakuna kinachogusana. Endeni polepole, msimame baada ya kilomita chache, mkague tena. Mkifika mjini, fundi apime magurudumu.

TAIRODI IKIPINDA AU KUKATIKA

Tairodi iliyopindwa na jiwe au kisiki inaweza kufunguliwa na kunyooshwa ikiwa baridi. Msiitie moto. Na fimbo iliyokatika au boljointi iliyochomoka isichomelewe. Chuma kilichochomelewa kinaweza kuonekana kizima, kisha kikaachia ghafla.

Boljointi ikichomoka na hamna nyingine, mnyororo na waya vinaweza kuifunga mahali pake. Lakini kifungo hicho ni cha kuliondoa gari barabarani tu, au kulifikisha mahali salama palipo karibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila mzigo wala abiria. Mmoja atembee kando, mbali kidogo na magurudumu, akikitazama.

Mpira wa stelingi ya mafuta ukipasuka, usukani bado unafanya kazi ila unakuwa mzito sana. Gari likivutwa, ufunguo usitolewe, kwani kwenye magari mengi usukani utajifunga.

KAMATI IAMUE MAPEMA

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Spana bila msimamo hazitoshi. Jua linazama, mazao yanaharibika, watu wanataka kufika, na dereva ni kijana. Mzee mmoja anamwambia, "Mwanangu, wewe twende tu, Mungu atatufikisha." Ni nani atakayekataa?

Dereva asiachiwe mzigo huo peke yake. Kamati iandike kanuni na kuisoma mbele ya wanachama wote: gari lililofungwa stelingi kwa waya au mnyororo halibebi mtu. Dereva akisema gari halina usalama, neno lake ni la mwisho, hata mwenyekiti akiwemo ndani. Na mweka hazina awe na akiba ndogo ya dharura, ili watu wapandishwe matatu na mzigo utafutiwe gari jingine. Gunia la maembe likioza, tutalima tena.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Gari letu lilikaguliwa stelingi lini, na nani?
2. Ni vitu gani katika orodha hatuna? Nani atavinunua, na kwa fedha gani?
3. Ni wanachama wangapi, wake kwa waume, wanaoweza kubadilisha boljointi? Tunaweza kumwalika fundi atufundishe siku moja?
4. Kanuni ya kutobeba watu tutaisimamiaje mgonjwa akiwa ndani ya gari? Ni nani atakayepigiwa simu kwanza?

Kabla ya mkutano ujao, fanyeni ule ukaguzi wa watu wawili, mwandike mlichokiona. Mkitumia daftari la kikundi, hata dereva mpya atajua gari limetoka wapi na limefika wapi.