Damu Haina Likizo

Mwezi wa Novemba mwaka jana nilitoa damu hapa shuleni. Mwezi wa Januari, nikiwa nyumbani kwa likizo, mtoto wa jirani yetu alishikwa na malaria kali hata akaishiwa damu. Hospitalini baba yake aliambiwa kwamba damu ya kundi lake imekwisha, hata iletwe kutoka mji mwingine. Nikajiuliza moyoni: Je, ile tuliyotoa sisi iko wapi? Nilitafuta jibu, nalo ndilo somo langu leo.

Hapa Uganda mtoaji wa damu halipwi. Chama cha Msalaba Mwekundu huwaendea watu mashuleni na makanisani, kikiwafundisha na kuwaomba watoe kwa hiari yao. Kisha watumishi wa huduma ya damu ya serikali, ambayo makao yake yako Nakasero, Kampala, huipima damu hiyo. Hutazama kundi lake, yaani A, B, AB au O, kwa elimu iliyoanzishwa na Karl Landsteiner mwaka 1901. Tena huchunguza kama ina virusi vya UKIMWI, homa ya ini au kaswende. Ikionekana na ugonjwa, hutupwa.

Sasa jambo kubwa ni hili: damu si mahindi ya kuwekwa ghalani mwaka mzima. Chembe nyekundu, zikitiwa dawa na kuwekwa katika baridi ya digrii 2 hadi 6, hudumu siku 35, au 42 kwa dawa nyingine. Watoaji wengi wa nchi hii ni wanafunzi, nasi hufunga shule mwanzoni mwa Desemba na kurudi Februari. Hesabu mwenyewe: damu iliyotolewa tarehe 20 Novemba, kwa siku 35, mwisho wake ni Krismasi. Lakini malaria haifungi shule, wala akina mama hawangoji Februari ili wazae.

Siku ile nilitaka kutoa tena, nikakataliwa, kwa maana mwanamume hungoja miezi 3, na mwanamke miezi 4. Kaka yangu, aliyesoma hapa zamani, hakuwa ametoa tangu alipoondoka shuleni. Nilipomweleza hesabu hii alinyamaza, kisha akavaa viatu, tukaenda pamoja. Mtoto yule alipata damu siku ya pili, akapona.

Basi, wenzangu, tusiogope. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, naye hutolewa mililita 450 tu. Nanyi wanafunzi wa zamani, kengele ya kufunga shule haiwahusu tena. Sisi tutatoa wakati wa masomo. Ninyi tunawaomba mtoe Desemba na Januari, ili mgonjwa asikute benki ya damu tupu.

Mwanafunzi wa Kidato cha 6