Mwenzako Mgeni Kwenye Kundi la Masomo



Vijana wenzangu mlioko vyuoni, leo tujifunze jambo linalogusa alama za watu, na utu wao pia.

Nasoma Dar es Salaam, na darasani kwetu tuna wenzetu kutoka Burundi na Kongo. Sekondari walisoma kwa Kifaransa. Hapa mhadhara ni Kiingereza, halafu kundi likikaa kujadili tunahamia Kiswahili cha haraka, na utani wetu wa mtaani. Wengine Kiswahili wanakijua, ila si hiki chetu. Unakuta mtu anatafsiri kichwani, na akipata la kusema tumeshafika swali lingine. Kisha tunasema, "Huyu hachangii," tunampa kazi ya kuchapa jalada. Alama za kundi atazipata, lakini mtihani ataingia peke yake, bila kuwa amejadili chochote.

Haya manne nimeona yanasaidia:

1. Tumeni maswali kwenye grupu la WhatsApp siku moja kabla, ajiandae.

2. Mkikutana, kila mtu aandike hoja zake dakika 5 kabla ya yeyote kusema. Kisha mzunguke mmoja mmoja. Msiishie kuuliza "Umeelewa?" maana wengi hujibu ndiyo kwa aibu tu.

3. Kubalianeni lugha. Mkiteleza kwenye Kiswahili, mmoja afupishe kwa Kiingereza kabla ya kusonga mbele.

4. Mpeni sehemu kamili ya kazi, aitafiti na kuiwasilisha mwenyewe. Akiogopa kusimama mbele, fanya naye mazoezi. Muulizeni pia mambo yalivyo kwao. Ana mifano ambayo ninyi hamna.

Kuna atakayesema, "Muda hautoshi." Kweli, kikao kitarefuka kidogo. Lakini hata Mtanzania mpole, yule asiyewahi kushinda wanaoongea sana, naye atasikika.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 2. Siku ya Pentekoste Yerusalemu ilijaa watu wa mataifa mengi, na kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Roho Mtakatifu hakuwataka wageni wajifunze kwanza lugha ya Wagalilaya ndipo wapate Habari Njema. Aliwafuata walipo.

Zoezi la wiki hii: kabla ya kikao kijacho, mtafute yule anayekaa kimya, muulize ni sehemu ipi ya kazi angependa kuibeba. Halafu msubiri amalize kujibu.