Krismasi ya Kyerwa kwa watoto walioko Uswidi

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Kyerwa, naishi Göteborg. Wanangu, wa miaka 6 na 9, hawajawahi kula Krismasi nyumbani. Nifanyeje waionje huku ughaibuni?

Jibu: Mama, usishindane na sikukuu ya huko. Waswidi husherehekea zaidi tarehe 24 Desemba. Waache wanao wafurahi na wenzao. Tarehe 25 iwe ya kwenu, na ianzie jikoni.

Tafuta ndizi mbichi za kupika kwenye maduka ya Waafrika, usichukue mzuzu. Wapake watoto mafuta mikononi ili utomvu usigande, kisha wamenye wenyewe, hata zikikatikakatika. Pika na maharage au nyama, mle sinia moja. Mkila, wasimulie kuhusu senene, maana huu ndio msimu wao: wanavyofuata taa usiku, wanavyonyonyolewa mabawa na miguu, kisha kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe.

Halafu piga simu. Majira ya baridi Tanzania iko mbele kwa saa 2, hivyo saa 5 asubuhi kwenu ni saa 7 mchana Kyerwa, wengi wametoka kanisani. Mfundishe kila mtoto salamu moja ya Kinyambo na swali moja: “Bibi, leo mmepika nini?” Bibi ataendeleza mazungumzo.

Rudieni hayohayo kila mwaka. Mtoto hushika kinachorudiwa, na siku mtakapokwenda nyumbani hataingia jikoni kwa bibi kama mgeni.