Safari ya Pikipiki Katika Nchi ya Gulwe

Gulwe ni kituo cha reli katika wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Kipo katika bonde la mto Kinyasungwe, kusini-magharibi ya mji wa Mpwapwa. Nyuma ya mji huo imesimama milima ya Kiboriani, na mbali upande wa kusini nchi huinuka tena kuelekea milima ya Rubeho. Katikati nchi ni kavu, yenye migunga, miiba na mibuyu mikubwa. Wenyeji wake hasa ni Wagogo, watu wa ng'ombe na mbuzi, ambao hulima mtama na uwele.

Mgeni akifika huko mwezi wa Agosti ataonyeshwa mto, wala hataona maji. Ataona njia pana ya mchanga, na wanawake wakichota maji katika visima vilivyochimbwa humo. Atadhani kwamba mto umekufa. Lakini mto haukufa, umelala tu. Mvua za nchi hiyo huanza mwezi wa Desemba na kukoma mwezi wa Aprili, na kipimo chake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 700. Mvua hiyo si nyingi, wala haigawanyiki sawasawa. Pengine jua huwaka majuma matatu pasipo tone moja, kisha mvua kubwa hunyesha kwa saa mbili na kujaza makorongo yote. Tena hunyesha kwa vipande: kijiji kimoja hulowa, na kijiji cha pili hubaki na mavumbi yake.

Wasafiri wa kale waliijua tabia ya nchi hiyo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipumzika Mpwapwa, kwa sababu hapo palikuwa na maji, na mbele yake ilikuwapo nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali. Henry Morton Stanley alipita Mpwapwa mwaka 1871. Baadaye Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Kilosa waliipitisha reli katika bonde la Mkondoa na Kinyasungwe, maana bonde hilo ndilo mlango wa kupandia nchi ya juu. Lakini mlango wa reli ni mlango wa maji pia. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 mafuriko yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni hazikuweza kupita hapo kwa miezi kadha. Ikiwa maji yaweza kuondoa chuma na mawe yaliyopangwa na mafundi, yatamfanyaje mtu mmoja juu ya magurudumu mawili?

Na magurudumu mawili ndiyo yanayowachukua watu wengi wa vijiji vya huko siku hizi. Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli iliundwa Ujerumani na Gottlieb Daimler na mwenziwe Wilhelm Maybach mwaka 1885, na mwili wake ulikuwa wa mbao. Jina la bodaboda lilianza kwa baiskeli zilizowavusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda, karibu na Busia, katika miaka ya 1960. Katika Tanzania serikali ilitoa kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010. Leo bodaboda humchukua mgonjwa kumpeleka hospitali, na gunia la mahindi kulipeleka mashineni. Lakini vijana wengi wanaoziendesha si wenye mali. Pikipiki ni ya mtu mwingine, na kila jioni kijana hupaswa kumpelekea fedha iliyopatanwa, ambayo huitwa hesabu. Kwa hiyo waendeshaji hujiunga katika vyama vyao, wakachagua mwenyekiti, na kuchangiana wakati wa ugonjwa na msiba.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi safari ya siku moja ilivyo katika nchi hiyo wakati wa masika.

Waendeshaji wanane wa Mpwapwa waliazimia kwenda Kibakwe, kwa njia ya Gulwe, kumjulia hali mwenzao aliyevunjika mguu. Walikuwa wamemchangia fedha kidogo, nao walitaka kumpa kwa mikono yao na kurudi siku ile ile. Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye maneno machache, alitangulia. Nyuma yake aliwekwa kijana mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa amejifunza kazi kwa miezi michache tu. Mwisho alikuwa fundi, naye alichukua pampu, viraka, plagi na kipande cha mnyororo. Amri ya safari ilikuwa moja: mwendo wa wote ni mwendo wa aliye dhaifu. Kila mmoja alimtazama aliye nyuma yake, na asipomwona alisimama.

Asubuhi ilikuwa na baridi, na mbingu zilikuwa safi. Walipofika Gulwe jua lilikuwa limepanda, na njia ilikuwa kavu. Ng'ambo ya Gulwe walikuta mchanga mwingi. Hapo mwenyekiti aliwafundisha tena: katika mchanga mtu hutumia gia ndogo na mwendo usiobadilika, hakamati breki ghafula, wala hapigani na usukani, bali huuacha ucheze kidogo. Yule kijana aliogopa, akakamata breki ya mbele, akaanguka. Hakuumia, kwa maana alivaa kofia ngumu na mwendo ulikuwa mdogo. Walimwinua, wakaendelea.

Walifika Kibakwe salama. Mgonjwa alifurahi sana kuwaona. Walipomwuliza jinsi alivyoumia akajibu, "Si njia iliyonivunja, ndugu zangu. Ni haraka." Wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka.

Saa nane mchana walianza kurudi. Joto lilikuwa kali. Chamchela zilizunguka mashambani zikiinua mavumbi, na juu ya milima ya kusini mawingu yalikuwa yamejipanga, meupe kichwani na meusi chini. Ndivyo yalivyo mawingu ya masika: jua huchoma ardhi tangu asubuhi, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa, na alasiri hurudi chini kama mvua. Kabla ya saa tisa upepo wa baridi uliwapiga usoni, na mara mvua ikawamwagikia.

Kijana alitaka kukimbilia chini ya mbuyu. Mwenyekiti akamzuia, kwa maana radi hupenda kupiga kitu kirefu kilichosimama peke yake. Waliziacha pikipiki kando ya njia, wakaenda mbali nazo, wakachutama mahali pa chini mpaka ngurumo zilipopita. Walipoanza tena, kila mmoja aliacha nafasi mara mbili ya ile ya asubuhi, kwa sababu tairi lililolowa huchelewa kusimama. Katika mbuga tope jeusi lilijaa kati ya tairi na madigadi, hata magurudumu yakakataa kuzunguka. Iliwabidi washuke na kulikwangua kwa vijiti, mara tatu katika mwendo mfupi. Hivyo saa nzima ikapotea.

Kisha mvua ikakoma kama ilivyoanza. Jua likatoka, ndege wakalia, na ilionekana kama taabu ya siku imekwisha. Hapo ndipo walipofika kwenye korongo.

Asubuhi walikuwa wamelivuka pasipo kulifikiri. Sasa palikuwa na maji machache yanayopita juu ya mchanga, yasiyofika kifundo cha mguu. Ng'ambo njia ilionekana wazi. Ukingoni alisimama mzee mmoja na mbuzi wake, amewakusanya pamoja, wala hawavushi.

"Mbukwa, babu," akasema mwenyekiti, kwa desturi ya Wagogo.

"Mbukwenyi, wajukuu zangu. Mnakwenda wapi?"

"Gulwe, kisha Mpwapwa."

"Leo mtalala huku," akasema mzee.

Kijana akatazama jua. Pikipiki yake haikuwa yake. Mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba akichelewa tena kuleta hesabu, atampa mtu mwingine chombo chake. Akasema, "Shikamoo, babu. Lakini maji haya hata kuku angevuka. Na mvua imekwisha."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mvua ya hapa imekwisha. Ya kule je?" Mzee akanyosha fimbo yake upande wa kusini, ambako milima ilikuwa haionekani kwa weusi. "Korongo halinywi mvua inayokunyeshea wewe. Hunywa ile usiyoiona. Tazama maji yenyewe. Nilipofika hapa yalikuwa safi. Sasa yamekuwa mekundu, yanachukua majani mabichi na povu. Majani hayo hayakutoka hapa."

Kijana hakujibu. Aliwasha pikipiki yake. Mwenyekiti akasogea, akaizima injini, akauchukua ufunguo, akautia mfukoni mwake. Kijana akakasirika, akasema kwa sauti kubwa, "Wewe una chombo chako! Mimi nikinyang'anywa kile nitakula nini?" Mwenyekiti akamjibu, "Hesabu ya leo yaweza kulipwa kesho. Mama yako hatalipwa mtoto mwingine."

Walikuwa bado wanabishana waliposikia sauti kama ya treni iliyo mbali. Lakini reli haikuwa karibu na mahali pale. Mbuzi wakarudi nyuma wenyewe. Kisha kwenye kona ya korongo maji yakatokea yote pamoja, mekundu na mazito, yakisukuma mbele yake takataka, matawi na shina la mgunga pamoja na mizizi yake. Kabla mtu hajahesabu hamsini, mahali ambapo kuku angevuka palikuwa na kina cha kumfunika mtu. Kijana akaketi chini. Hakuna aliyemwambia neno.

Msomaji atauliza, Kwa nini maji yana nguvu hivyo? Mchemraba wa maji wenye mita moja kila upande una uzito wa kilo 1000. Tena maji yakiongeza mwendo wake mara mbili, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne. Kwa hiyo maji yaendayo kasi huweza kumwangusha mtu mzima hata yasipofika magotini. Pikipiki nayo husukumwa ubavuni, na mchanga huondolewa chini ya magurudumu yake. Maji yakiingia katika injini kwa njia ya hewa, shida huwa kubwa zaidi. Hewa na petroli hukubali kubanwa ndani ya silinda, maji hayakubali. Pistoni ikiyapiga huzuiliwa, na mkono wake huweza kupinda. Basi injini hufa katikati ya mto, mahali ambapo mtu anaihitaji zaidi.

Jioni mzee aliwachukua nyumbani kwake, nyumba ya tembe yenye paa la udongo, wakapewa ugali wa mtama na mlenda. Mwenyekiti akapanda juu ya kichuguu kutafuta mawasiliano ya simu, akampigia mwenye ile pikipiki na kumweleza habari. Yule bwana hakupendezwa, akauliza fedha yake italipwa na nani. Ndipo wale wenzake sita wakatoa kila mmoja kidogo, na mwenyekiti akaongeza iliyopungua, na hesabu ikatimia.

Asubuhi korongo lilikuwa tupu tena. Maji yalikuwa yamepita yote kwenda Kinyasungwe, na kutoka huko kwenda Mkondoa na Wami, mpaka Bahari ya Hindi. Lakini kivuko cha jana hakikuwapo. Ukingo ulikuwa umekatwa, na mchanga ulikuwa laini kama uji. Mzee alitangulia kwa miguu akiupima kwa fimbo, na waendeshaji wakazisukuma pikipiki nyuma yake moja moja, injini zikiwa zimezimwa. Wa kwanza kumshika mkono mzee na kumshukuru alikuwa yule kijana. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akampa mkono pia, na mwenyekiti akautia ufunguo katika mkono huo.

Nchi ya Gulwe imebadilika kwa mambo mengi. Tangu mwaka 2024 treni za umeme hupita huko katika reli mpya ziendapo Dodoma, na madaraja huongezwa. Lakini mvua bado hunyesha kwa vipande, na korongo bado hujazwa na mvua ya mbali. Kwa hiyo asafiriye huko wakati wa masika na atazame mbingu zilizo juu yake, na zile zilizo mbali pia. Awaulize wenyeji kabla ya kuvuka. Na akiambiwa angoje, angoje. Anayengoja huchelewa siku moja tu.

Maswali

1. Kwa nini mgeni hudhani kwamba mto wa Gulwe umekufa?
2. Kwa nini reli ilipitishwa katika bonde, na hatari yake ilikuwa nini?
3. Hesabu ni nini? Ilimfanya kijana atake kutenda jambo gani?
4. Taja alama tatu zilizoonyesha kwamba maji mengi yanakuja.
5. Eleza maana ya maneno ya mzee: "Korongo hunywa ile usiyoiona."
6. Je, mwenyekiti alikuwa na haki kuuchukua ufunguo wa mtu mwingine? Toa sababu zako.
7. Waulize wazee wa kwenu: ni korongo gani katika kijiji chenu lililopata kuchukua mtu au mnyama? Andika habari zake.