Ramadhani, Siku ya 14: Shelfu Inakujua



Darasa la leo linatupeleka dukani. Huenda mtu akasema, sheikh, mwezi wa Qur'an huu, ya dukani ya nini? Basi Qur'an yenyewe, Surat Al-Furqan aya ya 7, inatueleza jinsi washirikina walivyomkejeli Mtume (s.a.w.) kwa sababu alikula chakula na kwenda masokoni kama watu wengine. Na ni yeye huyo huyo, katika hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Imam Muslim, aliyetufundisha kwamba sehemu anazozipenda zaidi Allah ni misikiti, na anazozichukia zaidi ni masoko. Kwa hiyo sokoni tunakwenda, hilo halina ubishi. Tuangalie tu tunaingiaje na tunatokaje.

Hebu chukua saa kumi na moja jioni. Umefunga tangu alfajiri, koo limekauka, nyumbani wamekutuma sukari na tambi. Unaingia kwenye mojawapo ya hizi supamaketi ndogo za mjini kwetu. Mlangoni kabisa umekutana na tende zimepangwa mnara, na juisi za rangi zote. Sukari iko wapi? Mwisho kabisa, ukutani. Unga na mafuta ya kupikia navyo mara nyingi viko huko nyuma. Yaani kile ambacho kila nyumba inakihitaji kimewekwa mbali, ili ukikifuata upite mbele ya vile ambavyo hukuvifuata. Shelfu iliyo usawa wa macho yako imewekwa bidhaa ambayo muuzaji anataka iondoke haraka. Ya bei nafuu iko chini, uiname. Biskuti za watoto ziko usawa wa macho ya mtoto, maana mtoto hana orodha wala hajui bei, ana kidole cha kuonyesha. Na ukifika kwa keshia, pale unaposimama kungoja zamu, kuna pipi na bazoka. Hakuna kilichokaa mahali pake kwa bahati mbaya.

Mpangilio huu una historia, na inafaa kuijua. Zamani, Marekani na kwingineko, duka lilikuwa kama duka letu la mtaani: kaunta, wakati mwingine na nondo, na muuzaji nyuma yake. Unasema unachotaka, unapewa. Mwaka 1916, mjini Memphis, mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka ambalo mteja aliingia mwenyewe, akachukua mwenyewe, akalipa mlangoni. Aliliita Piggly Wiggly (jina lina nguruwe ndani yake, tuliache hapo hapo). Duka lile lilikuwa na njia moja tu: ukishaingia ni lazima upite mbele ya bidhaa zote ndipo ufike kwa keshia. Mwaka uliofuata akapewa na serikali hati ya kuumiliki ubunifu huo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1937 katika mji wa Oklahoma City, mwenye maduka mwingine, Sylvan Goldman, aliona kuwa watu wanaacha kununua pale kikapu kinapokuwa kizito mkononi. Akatengeneza toroli la magurudumu. Watu mwanzoni walilikataa, mpaka akaajiri wengine walisukume humo dukani wakijifanya wateja.

Sasa tafakari hapa kidogo. Mkono ulikuwa unasema, inatosha. Mtu akaona mkono unamharibia biashara, akaunyamazisha kwa magurudumu manne.

Na kaunta nayo ilikuwa na kazi ambayo hatukuijua mpaka ilipoondoka. Kwenye duka la mtaani, ili upate kitu ni lazima ukitamke. "Nipe sukari nusu, na mafuta ya kupima." Umesema mbele ya Mangi, mbele ya jirani aliyesimama nyuma yako, na pengine daftari la madeni liko wazi pale. Ulimi umetangulia mkono, na moyo umetangulia ulimi. Sisi hilo tunalijua kwa jina lake: ni nia. Supamaketi haikuulizi nia. Unaingia kimya, jicho linaona, mkono unachukua, na nia inakuja baadaye, ukishafika nyumbani unajieleza kwa nini umenunua. Sisemi kaunta haina ujanja wake. Zile pakiti ndogo za sabuni na majani ya chai zinazoning'inia kwenye waya, ukipiga hesabu kwa gramu, mara nyingi zinakugharimu zaidi kuliko pakiti kubwa, na anayezinunua kila siku ni yule mwenye pesa kidogo. Lakini angalau umeziomba kwa mdomo wako.

Ndiyo maana nasema shelfu inakujua. Aliyeipanga hajawahi kukuona, hajui jina lako, ila anajua kwamba mtu mwenye njaa ananunua kwa macho. Anajua utaona haya kurudisha kitu ulichokwisha kukishika. Anajua kuwa 9,900 inasomeka kichwani kama elfu tisa. Amejifunza nafsi ya mwanadamu kwa faida yake, na sisi wenyewe nafsi hiyo tunayo kifuani na hatujakaa nayo hata dakika tano kuichunguza. Funga imekuja kwa kazi hiyo hasa. Mdomo umefungwa tangu alfajiri, alhamdulillah, lakini kuanzia saa kumi macho yamekwisha kufuturu. Surat Taha aya ya 131 inamkataza Mtume kuyakodolea macho mapambo ya dunia waliyostareheshwa wengine. Ikiwa yeye aliambiwa hivyo, mimi na wewe mbele ya shelfu ya juisi tusijiamini sana.

Imam Malik ameipokea katika Muwatta habari ya Sayyidna Umar (r.a.) alipokutana na Jabir bin Abdillah amebeba nyama. Akamuuliza, nini hiki? Jabir akasema wametamani nyama, naye amenunua ya dirham moja. Umar akamlaumu: je, hakuna kati yenu anayetaka kulibania tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au binamu yake? Nyama ni halali, na dirham ilikuwa ya Jabir mwenyewe. Umar hakuharamisha kitu. Alilishika lile neno "tumetamani", akalipeleka kwa jirani. Ukitaka kujua Ramadhani yako inakwendaje, chukua risiti ya jana usome mstari mmoja mmoja: hiki nilikifuata, hiki kilinifuata. Kisha jumlisha vile vilivyokufuata. Kwa nyumba nyingi jumla hiyo inatosha kilo kadhaa za mchele wa Magugu, na jirani wa kupelekewa yupo, unamjua kwa jina.

Wafanyabiashara wa jamaa yetu, nanyi mmo. Mmoja wenu ameuliza: kupanga duka livutie ni dhambi? Hapana. Kupanga vizuri ni sehemu ya biashara, na mteja ana akili na miguu yake. Mpaka umewekwa kwenye hadithi nyingine ya Abu Hurayra, pia kwa Muslim: Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye lundo akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akajitenga na kila anayeghushi. Sasa fungu lako la nyanya pale sokoni, kubwa juu na zilizopondeka chini, lipime kwa mkono ule. Tende za mwaka jana zilizofutiwa vumbi na kuwekwa mbele, zipime vilevile. Bei iliyoandikwa kwenye shelfu ikageuka kwa keshia, hiyo haihitaji hata kupimwa. Lakini kuweka sukari nyuma na juisi mbele? Hilo sioni wa kukulaumu, ingawa pipi usawa wa macho ya mtoto aliyeanza kujizoeza kufunga, mimi ningezipandisha.

La kufanya leo: orodha iandikwe nyumbani baada ya Adhuhuri, kabla njaa haijawa na sauti. Mwenye kwenda dukani aende kabla ya Alasiri, na kama vitu ni vitatu, achukue mfuko wa mkononi aache toroli. Kitakachobaki kwenye bajeti, futari ya wasafiri inaendelea hapa msikitini kwa wanaoshuka stendi jua likizama, wa Arusha, Singida na Dodoma. Kwa jioni ya leo tumepungukiwa tende, maji na sukari. Mletee mhudumu wa msikiti kabla ya saa kumi na mbili.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.