Mas'ala ya Rahani na Riba Igeukayo

Mwenye shamba la maharagwe Kasulu au Kibondo akitaka kukopa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yamruhusu kuweka rahani hati yake ya kimila. Rahani yenyewe haina makosa: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliweka deraya yake kwa Myahudi akapata shayiri. Makosa yamo katika ziada, ijapokuwa haba. Na ziada igeukayo yaongeza la pili, nalo ni gharari: kwa shilingi 1,000,000 mwaka huu atadaiwa 180,000, mwaka ujao 210,000, na huenda bei ya maharagwe imeshuka. Basi na atafute kwanza mfanyabiashara atakayenunua mbegu na mbolea ziwe mali yake, kisha amuuzie kwa bei moja iliyoandikwa, alipe baada ya mavuno. Hata akichelewa, bei isiongezwe.