SOMO: KUMUPA MUGONJWA SIKU ZAKO

Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 30:9-25, Matayo 6:1-4, Wagalatia 6:2-5, Luka 10:30-37.

Kusudi la somo: Kila mumoja ajue kwamba siku ya kazi ni sadaka ya kweli kwa mufanyakazi mwenzake aliye mugonjwa sana.



Mutu akilala mugonjwa tunaenda kumuona. Tunapeleka sukari na makala, tunaomba pamoja naye, kisha tunarudi nyumbani. Hayo ni mazuri. Lakini ugonjwa unamunyanganya mufanyakazi kitu ambacho sukari haiwezi kurudisha, ni siku zake. Asipofika kazini, watoto hawali, na nafasi yake inaweza kupewa mwingine. Ndiyo sababu wengi wanarudi kazini wangali na homa, na ugonjwa unawaangusha mara ya pili, wengine hawasimami tena.

1. SHERIA YA KIJITO CHA BESORI

Daudi aliwafuata Waamaleki akiwa na watu 600. Walipofika kwenye kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka kabisa, wakabaki na mizigo. Wale 400 walivuka, wakapigana, wakashinda. Waliporudi, wengine kati yao walikataa kugawanya mali na wale waliobaki. Daudi hakukubali. Alisema kwamba ushindi ulitoka kwa Mungu, na aliyepigana na aliyebaki wapate fungu sawa.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, waliobaki hawakuwa wavivu. Walitoka Siklagi pamoja na wengine, wakatembea mpaka nguvu zikawaisha. Pili, musome vizuri mustari wa 25: neno la Daudi halikuishia siku ile, likawa sheria katika Israeli. Huruma ikipangwa, inamufikia hata mutu ambaye hana rafiki.

2. MUFANO WA WAFANYAKAZI WA UFARANSA

Katika inchi ya Ufaransa, Christophe Germain alikuwa mufanyakazi wa kiwanda cha maji ya chupa, Badoit, kule Saint-Galmier. Mutoto wake Mathys alipata kansa. Baba akamaliza siku zake zote za konje, yaani siku za kupumzika ambazo mufanyakazi analipwa. Wafanyakazi wenzake wakamuachia siku zao wenyewe, zikafika 170. Mathys alikufa mwishoni mwa mwaka 2009, lakini baba alikuwa amepata kukaa karibu naye.

Tendo hilo nalo likawa sheria. Tarehe 9 Mei 2014 Ufaransa ilitoa sheria ya kuruhusu mufanyakazi kumupa mwenzake siku za konje, patron akikubali. Anayetoa halipwi kitu, na jina lake linafichwa. Tena hawezi kutoa zote, lazima abaki na siku 24 za kazi kwa ajili ya kupumzika kwake mwenyewe. Marekani, tangu mwaka 1988, watumishi wa serikali wanaweza pia kumupa konje mwenzao ambaye yeye mwenyewe ni mugonjwa, au ambaye anamuchunga mugonjwa wa jamaa yake.

Muone jinsi mambo haya yanavyokutana na Maandiko. Jina linafichwa, kama Bwana alivyofundisha katika Matayo 6. Na mwenye kutoa haangushwi na zawadi yake, kwa maana Paulo anatuagiza tubebeane mizigo, na palepale anasema kila mutu ana mzigo wake wa kubeba.

3. HAPA KWETU GOMA

Ndugu mwenye kontra ajue haki yake kwanza. Sheria ya kazi ya inchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamupa mugonjwa sehemu mbili kwa tatu za mushahara wake, na inamuagiza patron amutunze kwa dawa. Lakini ugonjwa ukipita miezi sita bila kukatika, patron anaweza kuvunja kontra. Basi karatasi ya muganga ipelekwe mapema. Zawadi yetu haiondoi deni la patron.

Lakini wengi wetu hatuna kontra. Siku yetu tunaitoa kwa mikono. Mwalimu anaweza kushika saa za mwenzake, ili darasa lisipewe mutu mwingine. Motari anaweza kufanya kazi siku moja juu ya mwenzake na kupeleka vérsement kwa mwenye piki-piki, ili isichukuliwe. Mama wa soko anaweza kuuza kwenye meza ya jirani yake, ili nafasi isipotee. Wenye MUSO wanajua kasha nyekundu: pesa zake zinasaidia wakati wa ugonjwa na kilio, wala hazirudishwi. Kando ya kasha hiyo tuweke daftari la siku. Kila mumoja aahidi siku moja au mbili kwa mwaka, kabla hakujatokea ugonjwa.

4. MAMBO YA KUCHUNGA

a) Aliyetoa asidai. Mugonjwa akipona, asikumbushwe kama mwenye deni.

b) Muzee mumoja mwaminifu ashike daftari. Mbele ya watu itajwe hesabu ya siku tu, si majina.

c) Usitoe siku ambayo watoto wako watalala njaa.

d) Patron au mwenye kazi aambiwe mbele, ili asione wageni kazini pake.

e) Tusimuulize mugonjwa anasali wapi. Musamaria alimukuta mutu asiyemujua, akamupeleka kwenye nyumba ya wageni, akamuchunga, kisha akatoa dinari mbili. Alitoa pesa, na alitoa siku yake pia.

MAULIZO YA KUJADILIANA

1. Kwa nini watu 400 waliona vigumu kugawanya? Sisi tunasema maneno gani yanayofanana na yao?

2. Katika kazi yako, ni nani aliye mugonjwa sasa? Anapoteza nini kila siku asipofika?

3. Kazi yako inaweza kushikwa na mwingine kwa siku moja? Ni nani?

4. Nani katika kundi letu anaweza kushika daftari la siku?

Kabla ya kufunga mukutano, kila mumoja afikiri siku anayoweza kutoa mwaka huu, aipeleke kwa muzee kwa siri. Bwana atusaidie kutenda. Amina.